Kurudi Darasani Ukubwani: Nilichojifunza kwa Seneta Byrd

Nilianza masomo ya jioni ya sheria nikiwa na miaka 41. Shemeji yangu akaniuliza, "Sasa utamaliza lini?" Sikuwa na jibu. Nililipata baadaye, niliposoma maisha ya Robert Byrd, seneta wa jimbo la West Virginia, Marekani.

Byrd alifiwa na mama yake katika janga la mafua la 1918, akiwa bado mchanga, akalelewa na ndugu katika familia ya mchimba makaa ya mawe. Aliuza petroli, akakata nyama buchani, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia akachomelea meli. Alipoingia Baraza la Wawakilishi mwaka 1953 hakuwa na shahada. Akajiandikisha kusoma sheria usiku, akaendelea hata baada ya kuwa seneta, miaka kumi mizima. Siku ya mahafali, 10 Juni 1963, mgeni rasmi chuoni alikuwa Rais Kennedy. Alimtaja Byrd hadharani: huyu ameipata shahada yake kwa miaka mingi ya masomo ya usiku, mimi ya heshima naipata ndani ya nusu saa.

Kwa hiyo wewe unayesita, jaza fomu. Tafuta saa moja ambayo hakuna anayekuhitaji. Yangu ilikuwa saa kumi alfajiri, kabla sijabandika chai. Byrd alitembea na Katiba ndogo mfukoni. Nami nikanakili vifungu vya sheria za kazi kwenye kidaftari, nikawa nakitoa kwenye foleni ya Ubungo, hata nikiwa nimesimama. Vile vifungu ndivyo sijavisahau hadi leo.

Lakini kuna jambo jingine, na hili ndilo linaloniuma. Ujanani Byrd alikuwa mwanachama wa Ku Klux Klan, kundi la wabaguzi weupe lililowatisha na kuwaua watu weusi. Na mwaka mmoja kamili baada ya mahafali yale, asubuhi ya 10 Juni 1964, alikuwa amesimama Seneti akimalizia hotuba ya saa 14 na dakika 13 ya kuukwamisha mswada wa haki za raia. Sheria yote aliyoisoma usiku aliitumia kuwazuia Wamarekani weusi wasipate haki zao. Alishindwa, mswada ukapita.

Mwaka 1982 mjukuu wake alifariki kwa ajali. Byrd alieleza baadaye kwamba msiba ule ulimfanya atambue kuwa watu weusi nao wanawapenda watoto wao kama yeye alivyompenda mjukuu wake. Alikuwa na miaka zaidi ya sitini. Mwaka uliofuata aliunga mkono kuanzishwa kwa sikukuu ya Martin Luther King, mtetezi wa haki za watu weusi, na aliomba radhi tena na tena hadi uzeeni. Alifariki mwaka 2010 akiwa na miaka 92, bado seneta, baada ya miaka 51 Seneti.

Niliposoma hayo nilimkumbuka mhudumu wa ofisini kwetu. Muhula wa kwanza tu, nilimkatiza mbele za watu, nikamwambia kwamba yeye haijui sheria. Alikuwa anadai likizo yake, na alikuwa na haki. Nilimfuata jikoni, nikamwambia, "Mama, nilikukosea siku ile, nisamehe." Alikuwa anakausha vikombe. Alikikausha kimoja muda mrefu, kisha akanimiminia chai.