Re: Gari inachemsha kwenye foleni tu, fundi anataka kutoa thamostati

Mkuu, kama ukishika mwendo wa 80 mshale wa joto unashuka wenyewe, anza na feni. Barabarani upepo unapoza rejeta, ile ya mbele inayopoza maji ya injini. Ukisimama, kazi yote ni ya feni. Acha injini iungurume hadi ipate moto, uangalie kama feni inazunguka. Haizunguki? Kagua fyuzi, rilei (swichi ya umeme inayowasha feni) na sensa ya joto kabla hujanunua mota ya feni.

Thamostati usikubali itolewe. Inazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka yafike nyuzi 80 na kitu. Bila hiyo injini inachelewa kupata moto na mafuta yanaliwa.

Mfuniko wa rejeta nao: springi ikilegea presha haikai, maji yanachemka mapema. Usiufungue ukiwa wa moto, mkono wangu una kovu.