Wi-Fi ya Bure kwa Wateja, Barua Inakuja kwa Jina Lako

Msomaji mmoja kaniandikia juzi. Anafungua biashara na anataka kuweka Wi-Fi isiyo na nenosiri, "wateja wasisumbuke." Ndugu yangu, wateja hawatasumbuka. Utasumbuka wewe.

Niliwahi kuletewa barua na kampuni inayoniuzia intaneti. Kuna filamu ilikuwa imepakuliwa na kusambazwa kupitia laini yangu: jina la faili lote, anwani ya IP (namba inayoitambulisha laini yangu mtandaoni), tarehe, saa hadi sekunde, na chini kabisa tishio la kunikatia huduma. Aliyepakua ni mteja, lakini simu zote zilizoshika ruta yako, kile kifaa kinachogawa Wi-Fi, zinatoka nje kwa anwani moja, na mwenye mkataba ni wewe. Nilipopiga simu kujieleza, nilijibiwa kama mwizi wa kuku. Mpaka leo linaniuma.

Bahati nzuri nilikuwa nimejipanga. Mtandao wa wageni niliutenga na ule wa mashine za malipo, kila mgeni anakubali masharti kabla ya kuingia, na ruta inatunza kumbukumbu. Saa za kwenye barua zilikuwa za UTC, ile saa ya kimataifa, si za kwetu. Nilipozigeuza, nikakiona kifaa kimoja cha wageni kikimeza data dakika zile zile. Nikatuma ushahidi, wakanyamaza. Hata samahani hawakusema.

Sheria hazifanani, kwa hiyo uliza wakili wa nchi yako. Mwaka 2016, katika kesi ya McFadden na Sony Music, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema mfanyabiashara wa Ujerumani aliyeacha Wi-Fi wazi hadaiwi fidia kwa wimbo uliopakiwa na mtu mwingine. Wengi huishia kusoma hapo, wakashangilia. Mahakama hiyo hiyo ilisema anaweza kuamriwa aweke nenosiri, na watumiaji wajitambulishe kwanza ndipo walipate. Ufaransa nayo inataka kumbukumbu za miunganisho zitunzwe mwaka mzima.

Halafu kuna tamaa yetu ya namba za simu. Ukimdai mgeni jina na barua pepe ndipo aingie, umeshakuwa mtunza taarifa binafsi, na Ulaya kuna GDPR, sheria ya kulinda taarifa binafsi, inayotumika tangu 2018. Jamani, tuache uchu! Kama huna kazi na namba ya mtu, usiiombe. Kumtumia matangazo asiyoyaridhia ni kesi nyingine kabisa.

Kwa hiyo ndugu, weka nenosiri, lichapishe kwenye risiti, ulibadilishe mara kwa mara. Masharti yawe mafupi, mtu ayasome akiwa amesimama.