Kupima kaspasi-3 bila kuua seli
Je, ni lazima upasue seli ndipo ujue kama kaspasi-3, kimeng'enya kinachokata protini seli inapojiua, inakata? Hapana, si lazima. Unaingiza jeni ya protini mbili zinazong'aa, ya samawati na ya njano, zilizoungwa kwa kipande chenye DEVD, mfuatano wa amino asidi ambao kaspasi-3 huukata. Kipande kikiwa kizima, ukiimulika ya samawati nishati yake huhamia kwa ile ya njano. Kikikatwa zinaachana: njano hufifia, samawati hupanda, nawe unayaona hayo kwa hadubini seli zikiwa bado hai. Soma uwiano wa rangi hizo, maana kila seli hutengeneza kiasi chake cha protini hizo. Ila kaspasi-7 nayo hukata DEVD, kwa hiyo usiape ni kaspasi-3 peke yake, na weka seli za kulinganishia zenye mfuatano uliobadilishwa usikatike.