Jarida la mzio halipimwi kwa namba peke yake

Nilipokuwa nikiandika utafiti wangu wa shahada kuhusu mzio wa chakula, hapa Unguja, niliyapanga majarida daftarini kwa namba moja tu, yaani wastani wa makala zake kunukuliwa, na makala iliyozidi miaka miwili niliikata kwa kalamu nyekundu. Vijana wanaoanza utafiti nawasihi wasinifuate.

Namba hiyo, ambayo wazo lake lilitolewa na Eugene Garfield, mtaalamu wa Kimarekani wa taarifa za kisayansi, mwaka 1955, hupatikana kwa kuhesabu mara ambazo jarida limenukuliwa mwaka huu kwa yale liliyoyachapisha miaka miwili iliyotangulia, kisha kugawanya kwa idadi ya makala za miaka hiyo. (Barua na tahariri zikinukuliwa huhesabiwa katika idadi ya kunukuliwa, lakini katika idadi ya makala inayogawanya hazimo.)

Miongoni mwa nilizozikata ilikuwamo makala ya mwaka 2008 katika Journal of Allergy and Clinical Immunology, iliyolinganisha watoto wa Kiyahudi wa nchi mbili: Uingereza, wenye mzio wa njugu, yaani karanga, walikuwa asilimia 1.85, Israeli, ambako watoto huonjeshwa njugu wangali wachanga, asilimia 0.17. Dhana hiyo ilijaribiwa London kwa watoto 640 waliokuwa katika hatari, na majibu, yaliyotoka mwaka 2015 katika jarida jengine kabisa, yalionesha kuwa kulishwa njugu mapema kulipunguza mzio kwa kiasi cha asilimia 80. Mwaka 2017 Marekani ikatoa mwongozo mpya, wa kuwalisha watoto njugu mapema. Katika safari yote hiyo, makala ile ya 2008 iliiongezea namba ya jarida lake mwaka 2009 na 2010 tu.

Mimi nilikuwa nimeshikilia ushauri wa Marekani wa mwaka 2000, uliotaka watoto wenye hatari wasionje njugu hadi miaka mitatu. Dada yangu alipokuja na mwanawe wa miezi saba, mwenye pumu ya ngozi, nilimkuta bibi ameshatwanga njugu zikalainika, kazikoroga kwenye uji, nami nikampokonya kijiko mkononi. Kwa mtoto kama yule ilipasa apimwe na daktari kwanza, na njugu nzima zingemkaba. Lakini sababu niliyompa bibi haikuwa hiyo. Nilimwambia asubiri miaka mitatu.

Basi ukiishika makala, tazama ni nani aliyeinukuu miaka kumi baadaye, na je, ameitumia au ameitaja kwa kupita tu, kisha tafuta katika miongozo ya matibabu kama imo. Kazi hiyo hula siku nzima. Daftari langu lilijaa kwa saa mbili.