Diski mpya za breki, usukani bado unatetemeka

SWALI: Nina Toyota Premio. Nikikanyaga breki nikiwa kwenye kilomita 80 kwa saa, usukani unatetemeka. Fundi alisema diski za mbele zimepinda, nikanunua mpya. Gari lilitulia miezi minne, sasa tatizo limerudi. Niliuziwa feki?

JIBU: Inawezekana, ila hiyo miezi minne ya utulivu inanifanya nishuku ufungaji kabla ya kulilaumu duka. Diski nyingi zinazoitwa "zimepinda" hazijapinda. Zimelika vibaya, upande mmoja mwembamba kuliko mwingine. Tofauti ya 0.02 mm tu unaisikia mkononi.

Je, fundi alisugua habu (kitovu cha gurudumu ambacho diski hukalia) kwa brashi ya waya kabla ya kupachika diski? Kutu kidogo ikibaki pale, diski inakaa upande. Mwanzoni husikii kitu. Lakini kila mzunguko inagusa pedi mahali palepale, hata usipokanyaga breki, na inalika taratibu hadi usukani uanze kucheza.

Nati za gurudumu zilizokazwa kwa nguvu zisizolingana huleta balaa hilohilo, kwa hiyo hata fundi pancha anaweza kukuharibia diski kwa mashine yake ya upepo. Zikazwe kwa mkabala (moja, kisha ile inayotazamana nayo), si kwa kuzunguka, na zimaliziwe kwa spana ya toki, yaani inayopima nguvu ya kukaza. Kipimo cha Toyota ndogo nyingi ni 103 Nm.

Angalia pia pini za kalipa, kifaa kinachobana pedi kwenye diski; kalipa huteleza juu ya pini hizo. Pedi ya ndani ikiwa imeisha na ya nje bado nene, pini zimekauka au zimeganda.

Kama huwa unashuka mteremko mkali kama wa Kitonga mguu ukiwa juu ya breki muda wote, joto nalo lina sehemu yake. Teremsha gia. Na ukisimama breki zikiwa za moto sana, usiendelee kukandamiza pedali: pedi huacha alama yake kwenye diski.

Kukereza diski (kuichonga uso kwa mashine iwe sawa) kunasaidia, mradi isishuke chini ya unene ulioandikwa MIN TH kwenye diski yenyewe.

Kuhusu feki: fundi afunge diski kwa nati zote, apime mchezo wake, yaani inavyoyumba ikizunguka, kwa saa ya kupimia (kipimo chenye mshale kinachosoma sehemu ndogo za milimita). Magari mengi madogo kikomo ni karibu 0.05 mm. Ikizidi, aizungushe diski tundu moja juu ya habu, apime tena. Sehemu iliyotokeza ikibaki palepale kwenye habu, kosa ni la habu au beringi. Ikihama pamoja na diski, chukua risiti urudi dukani.