Pampu ya dizeli inavuja? Ifungue nyumbani, lakini ujue pa kukomea

Msomaji wa Kisauni, Mombasa, mwenye Toyota Hiace ya injini ya dizeli ya 2L (jina la injini, si lita) anauliza kama pampu yake inayovuja inaweza kufunguliwa nyumbani badala ya kununua ya mtumba. Inaweza, ndugu yangu. Pampu hii ni ya aina ya VE, muundo wa Bosch unaotengenezwa pia na Denso, na sili zake mtu makini huzibadilisha mwenyewe mezani. Kisichofanyika mezani ni kupima kiasi cha mafuta kinachokwenda kwa kila silinda. Hiyo ni kazi ya mashine, na fundi anayedai kuipima kwa sikio anakula pesa yako.

Kwanza tafuta inapovujia. Ikiwa ni juu, kwenye shina la mkono wa akselereta, shida ni o-ringi ndogo tu. Ikiwa ni mbele, nyuma ya puli, shika shafti uitikise juu na chini. Ikicheza, bushi imekwisha, na sili mpya haitadumu. Uvujaji wa mbele usiuvumilie hata kidogo, kwa sababu kwenye injini za 2L, 3L na 5L dizeli humwagikia mshipi wa taimingi na kuuharibu, na mshipi ukikatika injini nayo inaumia.

Usafi ndio kazi yenyewe. Nafasi kati ya planja (pistoni ndogo inayosukuma mafuta) na kichwa cha pampu ni sehemu chache tu za elfu za milimita, kwa hiyo chembe moja ya mchanga inatosha kukwaruza. Usifungulie barazani wala kwenye upepo wa bahari. Osha pampu kwa nje kabla ya kulegeza bolti yoyote, tandika kitambaa kisichotoa nyuzi, na kila kipande unachotoa kitie kwenye chombo chenye dizeli safi. Hewa ya Mombasa ina chumvi na unyevu. Planja iliyoshikwa kwa jasho la mkono na kulazwa mezani usiku inaweza kuamka na kutu, na hapo pampu imekwisha. Msasa usiukaribie kabisa. Planja na kichwa huzaliwa pamoja na hutupwa pamoja; cha pampu nyingine hakiingii.

Kabla ya kutoa pampu kwenye gari, piga alama kati ya flanji yake na injini, maana taimingi, yaani wakati wa kupuliza mafuta, imo hapo. Piga alama nyingine kati ya mkono wa akselereta na shina lake: ukikosea jino moja, injini inaweza kupiga mbio bila kukanyagwa. Skrubu ya kiasi cha juu cha mafuta, ile iliyofungwa kwa waya au kofia, pima kwa vernia imechomoza kiasi gani, andika, kisha usiiguse. Wengi huizungusha kutafuta nguvu, wakapata moshi mweusi na pistoni zilizoungua.

Ukishafungua kichwa na kifuniko cha gavana (kidhibiti cha mwendo wa injini), valvu za kupeleka mafuta zipange kwa herufi zake A, B, C na D. Rola zibaki kila moja na pini na washa yake, mahali pake. Shafti ya gavana kwa kawaida ina uzi wa kinyume, kwa hiyo usiilazimishe kabla ya kujaribu upande wa pili.

Vipimo viwili havihitaji mashine. Inamisha kichwa kidogo, vuta planja, uiachie: inapaswa kuteremka taratibu kwa uzito wake, na uirudie ikiwa imezungushwa pande tofauti. Ikikwama au ikichomoka ovyo, seti nzima haifai. Kwa valvu, ivute juu, ziba tundu la chini kwa dole gumba, uiachie. Inapaswa kushuka haraka na kusimama pale pete yake inapoziba tundu.

Makosa makubwa hutokea wakati wa kufunga. Pini ya bamba la kam (bamba lenye vilima linalosukuma planja) ielekee kwenye mfereji wa ufunguo wa shafti, na mfereji wa mguu wa planja ukae juu ya pini hiyo. Ukigeuza nusu mzunguko, mafuta yanakwenda silinda isiyohusika na gari haliwaki. Kisha hakikisha kidude cha duara cha mkono wa gavana kimeingia kwenye tundu la pete ya planja. Tazama kwa tochi, usibahatishe. Kikikosa tundu, gavana haina mamlaka juu ya mafuta, na injini ikiwaka itakimbia mpaka ivunjike. Bolti za kichwa kaza kidogo kidogo kwa zamu, kwa sababu springi zinakisukuma kipinde.

Bolti ya kurudisha mafuta imeandikwa OUT na ina kitundu chembamba. Usiibadilishe na ile ya kuingizia: moja itaikosesha pampu mafuta, nyingine itaua presha ya ndani na taimingi haitasogea mbele.

Jaza pampu dizeli safi, zungusha shafti kwa mkono, kisha toa hewa kwa pampu ya mkono iliyo juu ya filta. Unapowasha mara ya kwanza, mwenzako akae kwenye ufunguo na wewe ushike ubao wa kuziba mdomo wa hewa, endapo itakimbia.

Na mafuta taa yasiingie tena kwenye tangi. Pampu hii hailainishwi na oili ya injini, hulainishwa na dizeli inayopita ndani yake tu, na mafuta taa hayana ulainishi huo. Serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta taa mwaka 2018 kuzuia uchanganyaji, lakini bado chagua kituo unachokiamini. Maji ya chini ya filta yamwage kila wiki, hasa msimu wa masika. Ukienda kwa mwenye mashine ya kupimia, mpe kile kipimo cha skrubu ulichoandika, na umtake akuonyeshe namba za silinda zote nne.