Masafa, anuwai au mipaka ya volteji?

Swali: Naandaa mwongozo wa vijana wanaosomea ufundi elektroniki. Sehemu moja inahusu modeli za IBIS, zile faili zinazoiga tabia ya bafa za kuingiza na kutoa ishara kwenye chipu. Nimeandika "masafa ya volteji inatakiwa iwe −3.3 hadi 6.6". Mhariri kafuta, kaweka "anuwai ya volteji". Nani kapatia? (Msomaji, Mikindani, Mtwara)

Jibu: Hakuna aliyepatia. Kwa mtu wa umeme, masafa ni mizunguko kwa sekunde: umeme wa nyumbani ni volti 230, masafa yake hezi 50. Ukimwandikia "masafa ya volteji" atatafuta hezi. Anuwai nayo ni namna mbalimbali, kama vitambaa anuwai dukani. Haisemi kitu kinaanzia wapi na kuishia wapi.

Sikiliza wakulima wa korosho msimu wa minada. Bei "inacheza kati ya" hii na ile. Hakuna anayetaja anuwai ya bei. Kitenzi hicho kinaifaa sana volteji ya ugavi. Chipu ya volti 3.3 inayoruhusiwa kupungua au kuzidi kwa asilimia 10 hupata umeme unaocheza kati ya volti 2.97 na 3.63. Ukitaka nomino, hiyo ni mipaka ya volteji ya ugavi. Angalia tu mpangilio: faili ya IBIS huanza na thamani ya kawaida, ikafuata ya chini, kisha ya juu. Mazoea yetu ni kuhesabu toka chini kwenda juu, na ukiyafuata humo, 2.97 itasomwa kama ndiyo ya kawaida.

Lakini −3.3 hadi 6.6 yako si ugavi, wala hakuna kinachocheza hapo. Ni mwanzo na mwisho wa jedwali: volteji inapandishwa hatua kwa hatua, toka hasi ya ugavi hadi mara mbili ya ugavi, na kila hatua mkondo unaandikwa. Chipu ya volti 5 itaanzia −5 ifike 10. Huu mimi ningeuita upana wa jedwali.

Kwa nini kuvuka ugavi kiasi hicho? Tazama wimbi likigonga ukuta wa gati: pale ukutani maji hupanda kuliko wimbi lenyewe lilivyokuja, kisha hurudi. Ishara ikifika mwisho wa njia isiyo na rezista ya kuizima hufanya vivyo hivyo. Volteji inaweza kukaribia maradufu, na mrudio ukaivuta chini ya graundi, yaani chini ya volti sifuri. Jedwali likikomea 3.3, programu itakisia yaliyobaki, mara nyingi kwa kurefusha mstari wa mwisho. Bahati mbaya, huko nje ndiko diodi za kinga huanza kupitisha mkondo unaopanda ghafla, kwa hiyo kisio hilo laweza kuwa mbali kabisa na chipu yenyewe.

Sasa viunganishi. "Kati ya" humwacha msomaji akijiuliza kama ncha zenyewe zimo, "kuanzia... hadi" huzijumuisha, na hapa ndivyo inavyotakiwa. Kistari cha kuunganisha namba kikae mbali na alama ya hasi: "−3.3-6.6" ni fumbo. Na usiandike "chini ya 3.3" ukikusudia hasi 3.3, maana hata volti 2 iko chini ya 3.3.

Kuna kirai kimoja ambacho mwongozo wako hauna, nacho ni muhimu kuliko ugomvi wa masafa na anuwai. Jedwali la upande unaovuta juu, yaani unaoipeleka pini (mguu wa chipu) kwenye ugavi, halipimwi kutoka graundi kama la upande unaovuta chini, unaoipeleka pini kwenye graundi. Volteji yake ni ugavi ukitoa volteji ya pini, hivyo −3.3 ya jedwali ni 6.6 kwenye pini, na 6.6 ya jedwali ni −3.3 kwenye pini. Kila mara taja imepimwa kutoka wapi, la sivyo kijana atalijaza jedwali kinyumenyume.

Mwisho ni upatanisho. Masafa hayatakiwi "iwe", yanatakiwa yawe. Jedwali linatakiwa lifike. Na kwa kuwa hili ni sharti wala si ushauri, andika "lazima", usiandike "inafaa". Sentensi yako basi: "Jedwali la upande unaovuta chini lazima lianzie volti hasi 3.3 na kufika volti 6.6, zikipimwa kutoka graundi."